Wimbo Katika Nyumba ya Kupanga: Uhakiki wa Programu za Muziki wa Kompyuta

Utangulizi

Ni desturi ya kurasa kama hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Leo nawaomba wahariri na ndugu wasomaji ruhusa ya kuhakiki kitu ambacho si kitabu, nacho ni programu za kompyuta zinazotumiwa kurekodi na kutunga muziki. Huenda mwenzangu akauliza, mwalimu wa lugha anatafuta nini katika mambo ya mafundi mitambo? Jibu langu ni kwamba tangu Siku ya Kiswahili Duniani ilipoanza kuadhimishwa tarehe 7 Julai 2022, wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tumejikuta ndio viongozi wa kwaya, wa ngonjera na wa mashairi ya kughani. Shule hazitaki tena onyesho la jukwaani peke yake. Zinataka pia rekodi ya kuhifadhi. Basi kalamu na chaki zimeongezewa ndugu wa tatu, na ndugu huyo hatumjui vizuri.

Kompyuta tunazozikuta shuleni na mitaani huendeshwa zaidi na mifumo mitatu. Kuna Windows ya kampuni ya Microsoft, kuna macOS ya kampuni ya Apple, na kuna Linux ambayo si mali ya kampuni moja. Vijana hubishana kutwa kucha ni upi kati ya hiyo ulio bora kwa muziki. Katika makala haya nadai kwamba swali hilo limewekwa vibaya. Swali linalotupasa kuuliza ni hili: wimbo ukishaingia katika programu, ni sehemu gani yake inayoweza kutoka salama na kwenda kuishi kwingine? Wimbo usioweza kutoka ni kama mpangaji ambaye vyombo vyake vimefungiwa ndani na mwenye nyumba. Anaishi vizuri mpaka siku atakapotakiwa kuhama.

Kisa kilichonifunza

Mwezi wa Juni 2023 shule yangu, iliyoko katika wilaya moja ya Uganda ya kati, ilikuwa ikitayarisha shairi la kughaniwa tarehe 7 Julai. Wanafunzi walilitunga wenyewe kwa Kiswahili, mizani nane kwa nane, wakaamua lisindikizwe na amadinda badala ya kinanda. Tulikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji jirani aliyerithi ala hiyo kwa baba yake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba vijana wakae kwanza wamsikilize. Akapiga, akaimba kwa Kiganda, akaeleza kila mpigaji anaanzia wapi na kwa nini. Kijana wetu mmoja wa kidato cha tano alikuwa ameazima kompyuta ya kaka yake yenye mfumo wa Windows, naye alirekodi yote: mzee peke yake, wapigaji watatu, kiitikio, na waghani kumi na wawili.

Shughuli ilifana. Mwezi wa Februari 2024 mzee akafariki. Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, ile ambayo Baganda huiita okwabya olumbe, jamaa zake wakaniomba ile sauti yake ya peke yake, ya maelezo na ya uimbaji, wapate kuisikiliza pamoja.

Nilifungua kazi ile katika kompyuta za shule, ambazo zote ni za Linux. Programu tuliyoitumia inapatikana katika mifumo yote mitatu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Ikafunguka vizuri. Nikaona mistari minne imepangwa, kila mmoja na jina lake: Mzee, Amadinda, Kiitikio, Waghani. Nikabonyeza kitufe cha kupigia. Kimya. Kumbe faili niliyokuwa nimeinakili mimi mwenyewe katika flashi ilikuwa na mpangilio tu. Sauti zenyewe zilikuwa katika folda nyingine iliyobaki ndani ya kompyuta ya kaka, nayo kompyuta hiyo ilikwisha kufutwa na kupewa mtumiaji mwingine. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua yaliyomo ya kitabu nikaziacha kurasa.

Niliwapelekea jamaa kile kilichosalia, yaani rekodi ya onyesho zima iliyochanganywa. Mzee anasikika humo, lakini chini ya sauti za waghani kumi na wawili. Binti yake mkubwa aliisikiliza mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hao watoto hawawezi kunyamaza kidogo tumsikie baba?" Sikuwa na jibu. Uhakiki huu ni jitihada yangu ya kulitafuta, ingawa nimechelewa.

Mabaki matatu ya wimbo

Nilipohesabu mabaki ya kazi ile niliona ni matatu: faili ya mpangilio, faili ya nota, na faili ya sauti. Mhakiki wa fasihi amezoea kutenga fani na maudhui. Mhakiki wa programu za muziki naye hana budi kuyatenga matatu haya, maana kila moja lina tabia yake likivuka mpaka wa mfumo.

La kwanza ni faili ya mpangilio. Hii ni kama maelekezo ya jukwaani katika tamthilia: huyu aingie hapa, yule anyamaze pale, taa zipunguzwe. Bila waigizaji, maelekezo hayo hayachezi. Isitoshe, kila programu huyaandika kwa lugha yake, na programu jirani haiyasomi. Tena watunzi wengi huongeza ala za kompyuta kutoka nje ya programu. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilianzisha utaratibu wa ala hizo uitwao VST mwaka 1996, Apple wana wao, na watu wa Linux wana wao pia. Hata pale utaratibu unapokuwa mmoja, ala iliyojengwa kwa ajili ya Windows haifanyi kazi katika macOS mpaka muundaji aijenge upya. Kwa hiyo mtu anaweza kuhamisha programu na mpangilio, akakuta mahali pa ngoma yake pamebaki pengo.

Historia inayo mifano iliyo mikubwa kuliko msiba wangu. Programu ya Logic ilikuwa ya kampuni ya Emagic ya Ujerumani, ikitumika katika Windows na katika kompyuta za Apple. Mwaka 2002 Apple waliinunua kampuni hiyo, na toleo la Windows likakomeshwa. Mtunzi aliyekuwa na kazi zake za miaka mingi humo alipaswa ama kununua kompyuta nyingine, ama kung'ang'ania toleo lililokwisha kuachwa. Nyumba iliuzwa na wapangaji wakiwa ndani.

La pili ni faili ya nota, iitwayo MIDI. Utaratibu huu ulitangazwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya kampuni mbalimbali viweze kuelewana. Faili ya MIDI haina sauti hata moja. Ina habari tu: nota gani ipigwe, saa ngapi, kwa nguvu gani, iachwe lini. Kwa kuwa ni habari chache zilizokubaliwa na wote, husafiri kuliko zote. Kijana wetu alikuwa ameziandika sehemu za wapigaji watatu kwa njia hiyo, na faili yake ilifunguka katika Linux, katika Windows, na hata katika kompyuta ya Apple ya mgeni mmoja aliyetutembelea.

Lakini ilifungukaje? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye kiini cha jambo. Amadinda ina mbao kumi na mbili. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana, mmoja akitia mapigo yake katika nafasi anazoziacha mwenzake, na wa tatu huzidaka baadhi ya nota hizo na kuzirudia katika mbao mbili za juu kabisa. Msikilizaji husikia tuni ambayo haimo katika mikono ya mpigaji yeyote mmoja. Mpangilio huo wa zamu MIDI iliuchukua barabara. Kilichopotea ni ulinganifu wa sauti. Wataalamu hugawa nafasi ya kutoka sauti moja hadi pacha wake wa juu katika vipimo 1,200 viitwavyo senti. Piano huigawa nafasi hiyo katika hatua 12 za senti 100 kila moja. Amadinda huigawa katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, yaani kama senti 240 kila moja. Katika piano hakuna hatua ya 240. Ipo ya 200 na ipo ya 300. Basi kila hatua ya mzee ilivutwa, ama ikafupishwa ama ikarefushwa, mpaka ikaingia katika kiatu kisicho chake.

Na ala gani iliyopiga? Mwaka 1991 ilikubaliwa orodha ya ala 128 ambazo vyombo vya MIDI vinatarajiwa kuwa nazo. Imo marimba, imo kalimba, imo koto ya Wajapani. Amadinda haimo. Kompyuta ya shule ilipiga piano, na ile ya mgeni ikapiga marimba.

Walimu wenzangu wanaojua maandishi ya zamani ya Kiswahili watanielewa upesi. Washairi wa pwani walipoanza kuandika kwa herufi za Kiarabu, herufi hizo hazikuwa na alama ya kutenga /e/ na /i/, wala /o/ na /u/. Aliyekwisha kulijua shairi alilisoma sawasawa, mgeni alibahatisha. Baadaye waandishi walibuni alama za kuziba upungufu huo. MIDI nayo ni vivyo hivyo. Inazo njia za kupindisha nota hadi zifikie ulinganifu mwingine, lakini sharti mtu ajue kwamba hitilafu ipo na akusudie kuirekebisha. Asiyekusudia hupewa piano, tena hupewa piano hiyo hiyo katika Windows, katika macOS na katika Linux. Ndiyo sababu nasema kwamba ubishi wa mifumo haujafika kwenye jambo lenyewe.

La tatu ni faili ya sauti. Aina ya AIFF ilitoka kwa Apple mwaka 1988, na aina ya WAV ilitoka kwa Microsoft na IBM mwaka 1991. Licha ya asili zao, leo programu yoyote ya maana ya kurekodi huzisoma zote mbili katika mfumo wowote. Kwa kipimo cha santuri za CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na dakika moja ya sauti ya maikrofoni moja huchukua nafasi ya baiti zipatazo milioni tano. Ni mzigo, lakini ni mzigo wa kweli. Faili hiyo haijali kama hatua ni ya senti 240 au 300. Inachukua kila kilichofika kwenye maikrofoni, ulinganifu wa mbao, kikohozi cha mzee na jogoo wa jirani.

Udhaifu wake ni kwamba sauti zikishachanganywa hazichanganuki kwa urahisi. Zipo siku hizi programu zinazojitahidi kutenga uimbaji na ala, nasi tulijaribu. Zilitenga amadinda na sauti za watu kwa kiasi fulani. Kumtenga mzee na waghani hazikuweza, maana kwao wote ni waimbaji.

Programu zenyewe

Nikizipima programu kwa kigezo cha kutoka salama, hukumu yangu ni kama ifuatavyo.

Audacity ilianza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Haina bei, inatumika katika mifumo yote mitatu, na mwalimu anaweza kuifahamu kwa alasiri moja. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, huweka mpangilio na sauti katika faili moja, jambo ambalo ni ulinzi mkubwa kwa watu wa kunakili haraka kama mimi. Si chombo cha kutungia muziki wa ala nyingi, lakini kwa ngonjera na mashairi inatosha kama kalamu na daftari.

LMMS ilianza katika Linux kisha ikaenea kwingine. Nayo ni ya bure, na vijana huipenda kwa kutunga midundo. Hata hivyo haikuundwa kwa ajili ya kumrekodi mwimbaji, na mwalimu atakayeitegemea peke yake atakuwa na ngoma bila mghani.

Ardour, iliyoasisiwa na Paul Davis, ni chombo cha kurekodia sauti nyingi kila moja katika mstari wake, nayo hufanya kazi katika mifumo yote mitatu. Msimbo wake ni huru, ingawa nakala iliyo tayari kutumika hulipiwa. Ni ngumu kwa anayeanza, na nisingependa kumpa mwalimu wiki moja kabla ya tamasha.

FL Studio ya Ubelgiji ndiyo inayotajwa zaidi na vijana. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Windows peke yake; toleo la kompyuta za Apple lilikuja mwaka 2018. Ni nyepesi na inachochea ubunifu. Lakini humkaribisha mtunzi kwa safu ya visanduku 16 vya mapigo, na ingawa idadi hiyo yaweza kubadilishwa, mgeni hujaza alichowekewa. GarageBand, iliyotoka mwaka 2004, ni nzuri kwa kujifunza, ila ni ya vyombo vya Apple tu.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilitangaza aina ya faili ya mpangilio iitwayo DAWproject, iliyo wazi kwa kampuni yoyote kuitumia. Ikienea itapunguza msiba huu, ingawa ala iliyokosekana katika kompyuta ya pili itaendelea kukosekana.

Hoja ya upande wa pili

Watakuwapo watakaosema kwamba natukuza chombo na kumsahau fundi. Watanitajia singeli. Vijana wa Dar es Salaam, wakiwamo wa studio ya Sisso huko Mburahati, walichukua kompyuta za kawaida na programu zilizotungwa Ulaya, wakazikimbiza kwa kasi ambayo waundaji wake hawakuiota. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na dunia ikageuza shingo. Nakubali kwa moyo wote. Fundi hodari huipinda programu ikamtii.

Lakini singeli ni muziki uliozaliwa ndani ya kompyuta. Huko ndiko kwao. Amadinda inaingia humo ikiwa mgeni, na mgeni hupotea kwa urahisi zaidi. Tukumbuke pia kwamba kasri ya Kabaka huko Mengo iliposhambuliwa mwezi wa Mei 1966, muziki wa kasri ulisambaratika na ala zikaharibiwa. Anayetaka leo kuusikia ulivyokuwa kabla ya hapo hutegemea sana rekodi kama zile za Hugh Tracey za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rekodi hizo zimeweza kuhamishwa kutoka kwenye tepi na santuri hadi kwenye diski za siku hizi kwa sababu sauti yenyewe ilikuwamo. Kama Tracey angaliacha karatasi ya nota za piano peke yake, tungalikuwa na habari za muziki ule, si muziki.

Yatupasayo walimu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu liwe hivi.

Kwanza, kila mwenye sauti arekodiwe katika mstari wake, na kazi ikiisha kila mstari utolewe peke yake kwa aina ya WAV, wote ukianzia sekunde ya kwanza ya wimbo hata kama mwimbaji anaingia dakika ya tatu. Hapo programu yoyote, katika mfumo wowote, itaipanga mistari hiyo sawasawa bila kuhitaji faili ya mpangilio.

Pili, nota zihifadhiwe pia kwa MIDI, na kando yake iandikwe kwa maneno ala ni ipi, inalinganishwaje, na kasi ni mapigo mangapi kwa dakika. Faili fupi ya maandishi husomeka popote.

Tatu, majina ya faili yafuate tahajia moja. Linux huona "Mzee" na "mzee" kuwa majina mawili. Windows huyaona kuwa moja, nayo hukataa nukta mbili na alama ya kuuliza ndani ya jina. Hapa mwalimu wa lugha yuko nyumbani kwake: herufi ndogo, bila alama, bila nafasi.

Nne, kabla ya kumwambia mtu kazi imehifadhiwa, ifunguliwe katika kompyuta nyingine yenye mfumo mwingine, na isikilizwe kwa masikio.

Hitimisho

Sikuandika haya ili kumpendekezea mtu kompyuta. Shule hutumia zilizopewa, na kijana hutumia aliyoazima. Nimetaka kuonyesha kwamba programu njema kwetu ni ile inayouacha wimbo uondoke na vyombo vyake vyote, na kwamba hata katika iliyo njema, mlinzi wa mwisho ni mwalimu mwenyewe.

Mwezi wa Juni 2024 tulirudi kijijini kwa mpwa wa mzee, aliyekuwa mpigaji wa pili siku ile. Tulimrekodi peke yake kwanza, kisha na wenzake wawili, kila mmoja na maikrofoni yake. Binti wa mzee alikaa mbele, na vijana hawakuthubutu kukohoa. Nakala moja iko shuleni, ya pili kwa kijana aliyerekodi, na ya tatu tulimwachia yeye. Si sauti ya baba yake, naye alituambia hivyo waziwazi. Lakini alisema mbao zinalia kama zamani. Wenzangu wenye uzoefu wa ala za kwao, hasa zile ambazo hazimo katika ile orodha ya 128, nawaomba waandike katika toleo lijalo jinsi walivyozihifadhi.